Boyeri ya baba ku Bel-Air, Lubumbashi: nianze na nini ju vijana bakubali kulipia?

mwana_belair

Ba papa, ba mama, ba yaya ba humu, mujambo. Niko na kiulizo na itakuwa murefu kidogo, munivumilie.

Baba alituachia parsele (kiwanja) ku Bel-Air. Mbele kuko nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma, mama anakaa humo na badogo zangu, ile haiguswi. Nyuma kuko boyeri ya byumba bine bya kufwatana, zile nyumba za maboyi za wakati ya wakoloni, Lubumbashi ingali Elisabethville, madirisha madogo, choo moja pembeni, robine moja inje. Kulikuwa papa moja na familia yake, bamekaa humo mpaka batoto bao bakaolewa, sasa amerudia Likasi na siye tunataka kulipisha tena ju ya minervali, feza ya masomo ya badogo.

Mama anasema tafuta familia ingine ya heshima, basi. Lakini bantu bote benye kukuya kuangalia ni vijana, myaka 22 mpaka 30 hivi. Bamoja banatumika mu maofisi ya migodi, bengine biashara ya telefone, kuko hata moja anatengenezea bantu ba Afrika Kusini programu akiwa tu kwake mu chumba. Na bote banafanya sawasawa: anaingia, anainua telefone juu aone rezo (mtandao), anauliza umeme unakatika mara ngapi, anauliza choo ni ya bantu ngapi, kisha anasema "nitakupigia yaya". Hapigi.

Niko na dola 4.000 ya kutengeneza, ingine hakuna. Tantine, dada ya baba, anataka karo za kung'aa, plafo (dari) ya plastike na zile taa za rangi rangi, eti njo vijana banapenda. Fundi wake tayari amekuya kupima. Mimi moyo haukubali lakini sina la kumujibu. Nianze na nini? Na nifanye studio 4 ao 2?

kadogo_kampemba

Yaya, mimi ni lokatere, mupangaji, niko mu ile myaka unasema, basi nikuambie kwa upande yetu. Karo ni muzuri lakini hakuna mutu anahama ju ya karo. Tunahama ju ya umeme, maji na amani.

Umeme, sisemi delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), ile tunajua SNEL, kampuni ya umeme, ni ya bote, nasema konteri, ile mita ya kuhesabu umeme. Kwenye nilikuwa mbele tulikuwa nyumba tano ku konteri moja, kila mwezi bayere, mwenye nyumba, anagawanya fakture sawasawa, mimi mwenye kuwa na laptopu na taa mbili nilikuwa nalipa sawa na jirani mwenye kupika bukari na maharagi ku resho ya umeme asubui na mangaribi. Ukisema kitu unaitwa muchoyo. Weka konteri ya kila chumba, hata kama ni zile ndogo za kusoma tu, kila mutu alipe yake, na mutaishi kama ndugu.

Ya pili, mulango. Namaanisha ya kuingilia parsele. Bayere wangu wa zamani alikuwa anafunga saa tatu ya usiku, mimi natoka kazi saa ine. Na alikuwa anahesabu viatu ku mulango yangu, kweli kabisa, akiona viatu bya mutu ingine asubui anakuya kuniuliza "mugeni alilala?" Mimi mutu muzima nalipa feza yangu. Kama mama yako iko mu nyumba ya mbele hii njo itakuwa shida yako kubwa kuliko plafo, muongee naye mbele ya kununua hata musumari moja.

Rezo: boyeri za zamani ziko na kuta nene, telefone inashika inje tu. Njo maana bananyanyua mukono. Ukileta koneksio moja mu parsele na wifi inafika mu byumba, unaweza kuweka ile feza mu loyer, malipo ya nyumba, na hakuna mutu atalalamika.

Fundi_Wati

Naomba niingie kwenye umeme maana ndiyo kazi yangu, nimefanya boyeri nyingi za namna hiyo mu Bel-Air na Makomeno.

Kwanza toa waya zote za zamani. Usimwachie mtu akuambie "zinatumika bado". Mu boyeri za kikoloni utakuta waya mbili tu, hakuna tere (waya ya kwenda mu udongo), ngozi ya juu imekauka inavunjika ukiigusa, na chumba kizima kina prizi moja. Huyo papa wa Likasi alikuwa na radio na taa. Kijana wa leo ana laptopu, telefone mbili, rutari, frigo ndogo, pasi, na mashine ya kukata nywele. Waya ya taa milimita 1,5, ya prizi 2,5, na kama utaruhusu kupika na umeme basi laini yake peke yake ya milimita 4 ao 6 na dijonkteri yake, swichi ya kujikata yenyewe. Waya ya njano na kijani ifike ku kila prizi na iende kweli mpaka ku chuma chenye kuchimbiwa mu udongo, isiishie ukutani kama mapambo. Weka na difransieli ya miliampe 30, ile inakata mara moja mutu akishikwa, hasa mu dushi.

Prizi weka zisizopungua sita ku chumba, na weka zile zenye kupokea kila aina ya miguu. Hapa kwetu prizi ni ya miguu miwili ya duara lakini nusu ya vyombo vinatoka Zambia na miguu mitatu minene ya mraba, ndiyo maana unakuta adapta juu ya adapta, zinachemka, ukuta unakuwa mweusi.

Sasa delestaji. Piga hesabu na mimi: laptopu wati 60, rutari 10, taa tatu za LED wati 9 kila moja, telefone 10. Jumla karibu wati 110. Umeme ukikatika saa sita, ni kama wati-saa 650, ongeza ile inveta yenyewe inakula, sema 750. Batri ya volti 12 ampe-saa 100 imeandikwa 1.200, lakini kama ni jeli hautakiwi kushuka chini ya nusu, ukishuka kila siku itakufa haraka, basi unabaki na 600. Litiamu unatumia mpaka 80 kwa mia bila wasiwasi na inarudia kuchajiwa mara elfu na zaidi. Bei ya kuanza inauma, ila jeli utainunua mara mbili tatu wakati litiamu ile ya kwanza bado iko.

Kwa vyumba vitatu ningeweka inveta moja na litiamu moja ya volti 24 ampe-saa 100, na laini yake iwe ya taa na prizi moja tu ya rangi tofauti kila chumba. Usikubali laini ya inveta ifike ku prizi zote. Resho ya wati 1.500 inamaliza ile batri mu saa moja na nusu, na wote wanalala giza juu ya sufuria ya mutu mmoja. Panno mbili za jua za wati 450 utaongeza baadaye ukipata feza, mu siku ya jua la kipwa (wakati bila mvua) zinaleta karibu kilowati-saa tatu na nusu, mvua za mwezi wa kwanza na wa pili zitapunguza.

mama_parsele

Mwanangu mwana_belair, pole kwa baba. Mimi ni bayere tangu bwana yangu akiwa angali muzima, basi nisikilize na miye, ju humu naona bote ni upande ya bana.

Hawa vijana banalipa muzuri myezi mitatu ya kwanza. Kisha "mama, migodi haijalipa", kisha "mama, telefone yangu ilianguka", kisha siku moja unaamuka, mulango iko wazi, matela hakuna, na ufunguo bameacha kwa sentinele, mulinzi. Familia ina vyombo, ina batoto ku masomo, haikimbii usiku. Mama yako anajua kwa nini anasema familia.

Na makelele! Moja aliniletea bafle (spika) moja ya urefu wa frigo.

Kama unataka bana, chukua garanti, feza ya kuweka mbele ya kuingia. Myezi sita. Mimi nachukua sita na sijute.

juriste_du_coin

Mama shikamoo, pamoja na heshima yote, myezi sita hapana. Sheria namba 15/025 ya 31/12/2015, ile ya kupangisha nyumba isiyo ya kazi, inasema garanti ya nyumba ya kulala haipite myezi 3 ya loyer. Najua mu mji bantu banaomba sita na zaidi, na komisionere, dalali, anaweka yake juu, lakini siku lokatere akikushitaki ile karatasi yako ya myezi sita njo itakuwa ya kwanza kukufunga wewe mwenyewe.

Na tuseme ukweli, kijana wa myaka 24 mwenye kuanza kazi atatoa wapi loyer sita kwa mara moja pamoja na komisioni? Yule mwenye kuwa nazo mara nyingi ni ya baba yake, na baba yake akichoka kumulipia njo unaona mulango wazi asubui. Dawa ya kukimbia si garanti kubwa. Andika kontra, nakala mbili, saini ya mashahidi. Siku ya kuingia mutembee pamoja chumba kwa chumba mukiandika: kioo kizima, robine nzima, ufunguo ngapi, namba ya konteri, mupige na picha. Chukua kopi ya kitambulisho na jina la mutu moja wa kwao ku kazi ao ku familia. Na loyer ipitie ku mobile money, Airtel ao M-Pesa ao Orange, ujumbe unabaki mu telefone zenu mbili, hakuna tena "nilikulipa mu mukono mama, umesahau".

Makelele nayo iandike humo humo. Saa ya musiki, wageni, kufua, gari inalala wapi. Vijana habachukii masharti, banachukia sharti yenye kuzaliwa leo ju bayere ameamka vibaya.

mama_parsele

Sheria sawa. Nikuletee basi yule mwenye bafle.

kadogo_kampemba

😂😂 mama umeniua

bomba_la_ruashi

Bote munaongea umeme na garanti, hakuna mwenye kuuliza mavi yataenda wapi. Samahani ya lugha lakini njo kazi yangu.

Mwana_belair, ile boyeri iko na choo moja, na ile choo inaingia mu fosi septike (shimo ya maji machafu) moja pamoja na nyumba kubwa, sivyo? Ile fosi walijenga ju ya familia moja ya wazungu na boyi wao. Ukitia studio 4 na dushi 4 na vyoo 4, unatupa maji mara nne ku shimo ile ile. Kipwa chote utaona sawa. Mvua ya kwanza kubwa, mwezi wa 11, udongo unajaa maji, pui perdi, shimo ya kumeza maji, haimezi tena, na inarudi. Inarudia wapi? Ku dushi ya chini kabisa, mara nyingi ile ya lokatere mwenye kulipa muzuri.

Fungua kifuniko sasa hivi mbele ya mvua. Pima urefu ya fosi, upana, kina. Angalia kama ukuta ya katikati ingali imesimama, nyingi zimeanguka kitambo na mwenye nyumba hajui. Kama iko ndogo, chimba ingine ya boyeri peke yake, na kama muko na foraji (kisima kirefu) ao jirani yenu iko nayo, kaa mbali angalau mita 30. Mu Bel-Air kila parsele ya pili siku hizi iko na foraji, bantu banachimba maji na mavi sehemu moja kisha banashangaa tifoide.

Maji ya juu pia. Tanki ya litre 1.000 ikijaa ni tani moja, usiiweke juu ya ukuta ya boyeri eti ukuta ni nene. Jenga miguu ya chuma ao beto, mita 3 hivi juu ya dushi. Itakupa presha ya bari 0,3, dushi ya kawaida inatosha, lakini ile dushi ya umeme ya kuchemsha papo hapo haitashika vizuri na tena inakula wati 5.000, Fundi_Wati atalia.

Jibu langu ya kiulizo chako: 4 hapana. Fanya 3, chumba cha ine ukigawanye kiwe dushi na choo za hizo tatu, mabomba yote upande moja, shimo moja.

tembo_wa_himbi

Niko Goma, nasoma tu nikiwaonea wivu, "chimba ingine". Huku kwetu fosi ni kupasua jiwe la volkano ya Nyiragongo na nyundo, fundi analipwa kwa kina, ukifika mita mbili unashukuru Mungu. Nyumba nyingi za kupanga bado ni za mbao juu ya mawe, ya kwako ni ya matofali tena ya kuchoma, usilalamike sana ndugu.

Lakini niulize, hamkugusa jikoni. Vijana wanapikia wapi?

mwana_belair

Aksanti sana bote, kweli. Nilifungua kifuniko ya fosi leo na mudogo wangu. Ukuta ya katikati hakuna. Bomba_la_ruashi ulijuaje.

Tembo amenigusa pale pale, jikoni njo ilikuwa kiulizo yangu ya kufwata. Yule papa alikuwa na mbabula ya makala, banapikia inje chini ya muembe, kipwa bananiambia walikuwa banaingiza mbabula ndani ju ya baridi. Vijana sijue. Moja aliniuliza kama anaweza kuweka gazi.

Fundi_Wati

Mbabula ndani ya chumba cha kulala hapana, hapana kabisa, iandikwe kwenye kontra herufi kubwa. Kila mwezi wa sita na wa saba baridi ikishuka watu wanafunga dirisha, wanaweka makala katikati ya chumba, na ile hewa ya makala haina harufu, haina rangi, mutu anasikia usingizi tu. Boyeri yenye dirisha ndogo ndiyo mbaya zaidi. Kabla ya rangi na plafo ya tantine, pasua madirisha, yawe makubwa mara mbili, na tundu za hewa juu karibu na dari zisizofungwa.

Gazi sawa, ila chupa ikae inje ku kisanduku cha chuma chenye matundu, bomba ipite ukutani.

kadogo_kampemba

Na mutufanyie ka baraza yaya. Ukuta wa mita moja, mabati juu, meza ya simenti yenye karo, hapo weka hizo karo za tantine. Kila mutu na kona yake, mwenye mbabula anawasha mbabula, mwenye gazi anawasha gazi. Mu chumba tuachie nafasi ya meza ya kazi karibu na prizi. Boyeri ni mita 3 kwa 3 hivi najua, kitanda ikiingia mutu anafanyia kazi juu ya kitanda, mugongo unakufa.

Usitie vyombo mingi eti ni meuble. Kitanda, meza, kiti, kabati ya ukutani yenye ufunguo. Televizio hatutaki, tunaangalia mu telefone. Kabati iwe ya chuma ao ya simenti na milango ya mbao tu, ju muchwa ya Bel-Air inakula mbao kutoka chini, nilihama kwa fulani na nguo zangu za kazi zikiwa na matundu.

mama_parsele

Hapo kwa muchwa amesema kweli. Frame za milango weka chuma mwanangu.

Na ile mambo ya kufunga saa tatu... mimi nilikuwa nafunga ju ya wezi, si ju ya viatu. Siku hizi niliweka mulango kidogo pembeni ya ile kubwa, kila lokatere na ufunguo yake, sentinele anafungua kubwa ju ya magari tu. Nalala. Fanya hivyo upande ya boyeri, toboa ukuta ya nyuma kama avenue inapita pale, mama yako hataona nani ameingia nani ametoka, na roho yake itatulia.

juriste_du_coin

Mama leo umenifurahisha.

Jambo moja ya soko. Munasema "vijana" kama ni kundi moja. Bel-Air na Kasapa, kwenye kampusi ya UNILU (Universite ya Lubumbashi), ni mbali, mwanafunzi wa UNILU atabadilisha bus mu mji asubui na mangaribi, hatakaa kwako zaidi ya mwaka, atatafuta karibu na kampusi. Wako ni wale ba maofisi, na hasa wale benye kupanda ku migodi ya Fungurume ao Kolwezi kwa rotasio, nusu ya mwezi hayuko. Huyo anataka mahali penye kufunga vizuri, na bei isiyomuuma wakati hayuko. Bawili bandugu ao barafiki benye rotasio tofauti banaweza kugawana studio moja, usiwakatalie, ila bote babili basaini. Na loyer muiseme wazi ni dola ao franka, na ikiwa ni franka ni kwa taux gani ya kubadilisha dola, ya siku gani, hapo njo bantu banagombana kila mwezi.

Matangazo: video moja ku status, kutoka avenue mpaka ku dushi, ufungue robine kabisa maji yaonekane, usichukue picha ya pembeni yenye kufanya chumba kuwa salle ya harusi. Mutu akikuya akakuta tofauti hata loyer ikiwa nzuri ameshaondoka.

mwana_belair

Nilikaa na mama na tantine jana mangaribi. Tumekubaliana studio 3. Feza itaenda hivi: fosi mupya na mabomba kwanza, kisha waya na konteri tatu ndogo, kisha madirisha na tundu za hewa, mulango ya nyuma, baraza ya kupikia. Litiamu kama kitu kinabaki, na naona hakitabaki, basi itangoja loyer za kwanza, lakini Fundi_Wati niambie kama naweza kupitisha ile laini ya pili mu ukuta sasa, ili tusivunje tena.

Tantine amepata karo zake ku baraza na mu dushi mpaka urefu wa mutu. Taa za rangi alikataa kuachilia. Nimemuachia moja, juu ya mulango ya nyuma.

Mama amekubali yote isipokuwa bafle.

Fundi_Wati

Pitisha mabomba ya plastike ya milimita 20 tupu mu ukuta, na kamba ndani, waya utavuta siku ya inveta. Andika rangi gani ni ya nini upande wa ndani ya kifuniko cha koferi, kisanduku cha umeme, maana fundi wa siku hiyo anaweza asiwe mimi.

bomba_la_ruashi

Usianze kuchimba mbele ya kuuliza jirani ya nyuma foraji yake iko kona gani. Mita 30 zinapimwa kupita ukuta, hazisimame ku mupaka ya parsele yenu.